Bushi ngumu si dawa ya barabara zetu

MAHALI popote panapokutana madereva hapa mpakani, iwe ni Busia karibu na forodha, Malaba kando ya foleni ya matrela au Tororo chini ya mwamba wetu, mazungumzo hayamalizi dakika kumi kabla ya mtu kutaja bushi. Mmoja atalalama kwamba zake zimekatika tena ilhali alizitia juzi tu. Mwingine atamcheka na kumwambia aachane na mpira, atie poli, asahau habari ya gereji. Wengi huondoka wakiwa wameamua kutia poli.

Mimi pia niliwahi kuamua hivyo, na leo nataka kueleza kwa nini naamini nilikosea, na kwa nini naona wengi wetu tunakosea. Sizungumzi kama fundi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Lakini ni mwalimu aliyelipia kosa hilo kwa fedha za karo, na nusura alilipie kwa uhai wa mamake mzazi.

Kwa yule asiyefahamu, bushi ni kipande kidogo, aghalabu kisichozidi ngumi ya mtoto, kinachokaa baina ya fremu ya gari na ule mkono unaoshika gurudumu, ambao mafundi wetu huuita amu. Ndani yake mna bomba dogo la chuma linalopitisha bolti, nje mna bomba kubwa zaidi, na katikati ya mabomba hayo mawili mna mpira. Gurudumu likipanda tuta, amu hupanda. Likitumbukia shimoni, amu hushuka. Bushi ndiyo bawaba yake. Jirani zetu wa Kongo, waliorithi maneno ya gereji kutoka kwa Wafaransa na Wabelgiji, huiita silentbloc, yaani kipande cha kunyamazisha, na jina hilo linaeleza vyema nusu ya kazi yake.

Nasema nusu kwa sababu kazi nyingine ni ya usalama. Bushi ndiyo inayoamua gurudumu litazame wapi unapokanyaga breki, unapokata kona na unapobeba mzigo. Ikiwa imekatika, gurudumu la kushoto linaweza kutazama kwake na la kulia kwake, nawe usukani umeushika mkononi ukidhani wewe ndiwe unayeliendesha gari.

Sasa nieleze yaliyonikuta. Nilinunua Toyota Premio iliyokuwa imetumika, kama afanyavyo mwalimu yeyote wa kipato changu. Kabla ya mwaka kuisha ilianza kugonga mbele kila nilipopita tuta. Fundi mmoja akaniambia bushi za amu za mbele zimekwisha. Akatia mpya za mpira, za bei nafuu, nami nikalipa na kushukuru. Baada ya miezi minne zikawa zimechanika. Akatia nyingine, nazo hazikumaliza miezi mitano. Mara ya tatu fundi akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, mpira wa siku hizi hauna maisha. Tia poli. Hii utazikwa nayo."

Poli ni kifupi cha poliyurethani. Ni plastiki inayonyumbuka kama mpira lakini ngumu zaidi, na asili yake ni maabara ya Ujerumani ambako mkemia Otto Bayer na wenzake waliibuni mwaka 1937. Ugumu wa vitu hivi hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A. Mpira wa bushi za kawaida aghalabu huwa kati ya 50 na 70, na poli ya bushi huanzia hapo na kupanda hata karibu na 95. Bei yake hapa kwetu ilikuwa mara tatu ya ile ya mpira niliokuwa nikinunua. Nikajikaza. Nikatia poli kila mahali palipokuwa na bushi, mbele na nyuma.

Wiki za kwanza nilifurahi. Gari lilishika barabara, kona zikawa nyepesi, mgongano ukatoweka. Kisha taratibu likaanza kulia. Kila tuta kati ya Malaba na Busia lilitoa sauti ya kitanda kikuukuu. Vumbi la kiangazi lilipozidi, sauti ikageuka kuwa mkwaruzo. Usukani ukaanza kuleta mkononi kila kokoto ya barabarani.

Wa kwanza kukataa kupanda gari lile alikuwa mama yangu. Ana maumivu ya mgongo aliyoyapata mwaka 1987, tulipokimbia vita vya Teso tukiwa juu ya lori, na mimi nikiwa mtoto wa miaka minane. Tulivukia Kenya, tukapokelewa na jamaa zetu upande wa Amagoro, na huko ndiko nilikosomea hadi nikawa mwalimu. Nilipompeleka hospitali mara ya pili baada ya kutia poli, alishuka akajishika kiuno na kuniambia, "Mwanangu, gari lako linanirudisha kwenye lile lori." Nilicheka, lakini maneno hayo hayakunitoka.

Miezi michache baadaye tulikuwa tukirudi kutoka Bungoma, tukaikuta foleni ya matrela kabla ya Malaba. Anayeijua barabara ile anajua kwamba matrela hujipanga upande wa kushoto na magari madogo hupenya kulia kwayo kwa hofu, mara kwenye lami, mara nje ya lami. Mwenye bodaboda akakata mbele yangu. Nilikanyaga breki, na gari badala ya kusimama kwa kunyooka likavutwa kushoto, kuelekea magurudumu ya trela. Lilisimama pakiwa pamebaki nafasi ya mkono mmoja. Mama alikuwa ameketi upande huo huo.

Siku ya pili nilimpelekea gari mzee mmoja fundi hapa Tororo, ambaye watu humlaumu kwa kuwa mpole kupita kiasi. Aliiinua Premio, akachukua mtaimbo, akabinya hapa na pale, akaniita nichungulie. Bushi za poli zilikuwa nzima kabisa. Kilichopasuka ni sikio la fremu linaloishikilia bushi ya nyuma ya amu ya kushoto. Mpasuko huo mwembamba kama unywele ulikuwa ukifunguka kila nilipokanyaga breki. "Mwalimu," aliniambia, "bushi imekataa kulegea, basi chuma kimelegea badala yake."

Nikamuuliza, sasa nifanye nini, maana mpira nao ulinishinda? Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Aliniuliza swali moja tu: "Zile za mpira, fundi wako alipozikaza bolti zake, gari lilikuwa chini au juu ya jeki?"

Nilikumbuka vizuri. Lilikuwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye siri ambayo wengi hatuambiwi. Bushi ya mpira haizunguki kama bawaba ya mlango. Mpira wake umegandishwa kiwandani kwenye mabomba yote mawili, la ndani na la nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa lisiweze kuzunguka. Basi amu ikipanda na kushuka, kinachosogea ni mpira wenyewe: hujipinda, kisha hurudi. Fundi akiikaza bolti wakati gurudumu limening'inia, ina maana kwamba mpira umetulia katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa chini, mpira huo tayari umepindwa, hata kabla hujawasha injini. Ni kama kumtwika mtu gunia huku kiuno chake kimeshapindishwa. Kila tuta linaongeza mpindo juu ya mpindo. Miezi minne baadaye mpira umechanika, na wewe unamlaumu mwenye kiwanda.

Njia sahihi ni kuzishika bolti kwa mkono tu gari likiwa juu, kulishusha hadi lisimame kwa uzito wake juu ya magurudumu, kulitikisa kidogo likae sawa, ndipo bolti zikazwe kwa nguvu iliyowekwa na mtengenezaji. Kazi hiyo inahitaji shimo la gereji, au vibao vya kupandishia magurudumu, na robo saa ya subira. Hiyo robo saa ndiyo iliyokuwa imekosekana katika gari langu mara mbili.

Poli je? Bushi nyingi za poli hazikugandishwa kwenye chuma. Ni vipande viwili vinavyoingizwa kutoka kila upande, na bomba la chuma hupita katikati na kuteleza. Kwa sababu zinateleza, haidhuru sana bolti zimekazwa gari likiwa juu au chini. Tena nyingi huingia kwa mkono, bila mashine ya presi. Sasa mnaona kwa nini mafundi wa kando ya barabara wanazipenda? Poli haiadhibu kosa la fundi. Fundi wangu wa kwanza alikuwa mkweli aliponiambia kwamba mpira haudumu na poli inadumu. Aliyaona hayo kwa macho yake. Alichokosa kuona ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiua mpira.

Sisemi kwamba poli ni kitu kibaya. Ina sifa zake. Haiharibiwi upesi na mafuta ya injini yanayodondoka, ilhali mpira wa asili ukilowa mafuta huvimba na kuoza. Inashika gurudumu mahali pake bila kuyumba. Mahali panapohitaji kusogea katika mwelekeo mmoja tu, poli hufanya kazi nzuri. Mathalani, bushi za stabilaiza, ule mti wa chuma unaozuia gari kulala upande mmoja kwenye kona, zinaweza kuwa za poli bila kumsumbua mtu sana. Pikapu yenye springi za mabamba, inayobeba magunia kila siku, nayo hunufaika, mradi mwenyewe yuko tayari kuipaka grisi.

Na grisi nayo ina masharti. Poli inataka grisi ya silikoni au ile iliyotolewa na mtengenezaji, si grisi yoyote iliyoko kwenye kopo. Ikikauka hulia, vumbi likiingia humomonyoka, na bomba la ndani likishika kutu huganda. Tena poli zenyewe hazifanani. Zipo za aina ambayo kemia yake huvumilia maji, na zipo za aina ambayo joto na unyevu huzivunja taratibu hadi zikawa kama jibini. Nasi hapa, kati ya Ziwa Victoria na Mlima Elgon, hatuna uhaba wa joto wala unyevu.

Tatizo kubwa la poli liko kwenye zile bushi zinazotakiwa kusogea pande zaidi ya moja. Bushi ya nyuma ya amu ya chini ya magari mengi madogo ya Japani ina nafasi zilizoachwa makusudi ndani ya mpira. Wengi huziona wakadhani ni kasoro, au kwamba mpira umeshakatika. La hasha. Zimewekwa ili gurudumu likigonga ukingo wa shimo, liweze kurudi nyuma kidogo na kuumeza mshindo. Ukiziba nafasi hizo kwa poli ngumu, mshindo haupotei. Unapita na kwenda kwenye fremu, kwenye usukani na kwenye uti wa mgongo wa abiria. Ndivyo mzee yule alivyolieleza sikio la fremu yangu, na ndivyo ninavyoueleza mgongo wa mama.

Najua jibu la wapenzi wa poli. Watasema: mbona magari ya mashindano hutumia vitu vigumu? Ni kweli. Lakini gari la Safari Rally, tangu mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia huko Naivasha mwaka 2021, huhudumiwa na kundi la mafundi ambao hulikagua tena na tena katika siku hiyo hiyo ya mashindano. Dereva wake anataka usukani umwambie kila jiwe. Mimi na wewe hatutaki kuambiwa kila jiwe. Tunataka kufika Soroti au Kisumu tukiwa na nguvu za kufanya kazi iliyotupeleka.

Hebu sasa tuyatazame magari yetu yenyewe. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka minane tangu lilipotengenezwa. Uganda kwa upande wake, katika sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza gari lililofikisha miaka 15 au zaidi. Maana yake ni kwamba gari tunaloliita jipya linapokanyaga lami yetu, bushi zake zinaweza kuwa zimeishi miaka saba, kumi au zaidi. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu. Hewa, joto na jua huukausha na kuupasua. Kisha sisi tunalitwika gari hilo familia, nyanya, mayai na matofali, tunalipitisha matuta ya Busia, halafu tunashangaa likigonga baada ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Gari la kawaida la familia, la mwalimu, la muuguzi, la mfanyabiashara anayesafiri, litiwe bushi za mpira zenye ubora uliokusudiwa na mtengenezaji wa gari, na zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Anayetaka poli aitie kwenye stabilaiza tu, au kwenye springi za pikapu ya mizigo. Baada ya kazi hiyo, gari lipelekwe kupimwa alaimenti, kwa sababu magurudumu yasiyotazama mbele kwa usawa huila tairi mpya ikaisha kabla ya wakati wake.

Kuna na mambo madogo ambayo mwenye gari anaweza kuyasimamia mwenyewe hata kama hajui kushika spana. Kwanza, usikubali fundi aichome bushi ya zamani kwa moto ili itoke. Moshi wake ni sumu, na moto unaweza kudhoofisha chuma cha amu. Itolewe kwa presi. Pili, kabla ya kuitoa, fundi aweke alama ya chaki kuonyesha zile nafasi za ndani zilitazama wapi, ili mpya ikae vivyo hivyo. Ikizungushwa vibaya, itapasuka. Tatu, asipake grisi ya kawaida kwenye bushi ya mpira ili iingie kwa urahisi. Maji ya sabuni yanatosha. Nne, ubaki hapo hapo gereji. Ukiona spana inakaza bolti huku gurudumu linaning'inia, sema kwa adabu, "Fundi, tushushe kwanza." Atakasirika, lakini pesa ni zako.

Sasa nizungumze na ndugu zangu wafanyabiashara wa hapa mpakani, kwa sababu vipuri hivi hupitia mikononi mwenu. Tangu Busia ilipofunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha forodha mwaka 2018, mtu huvuka akakaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Muda umepungua, na nashukuru. Lakini bado nawaona wanaofunga bushi katika gunia la mitumba na kuzipitisha njia za panya usiku. Wengine hujidanganya kwamba utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo, wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, unahusu kila kitu. Hapana. Utaratibu ule ni wa bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama wa jumuiya. Bushi iliyotengenezwa Japani au China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imevushwa na mama wa Busia. Ushuru wake upo.

Na hasara ya njia za panya si ya serikali pekee. Bushi iliyopita gizani haina risiti, haina jina la mtengenezaji, na ikichanika mnunuzi hana pa kurudi. Nimeona madukani bushi zilizochongwa kwa nailoni zikiuzwa kama poli. Nimeona zilizokatwa kutoka tairi kuukuu zikiuzwa kama mpira mpya. Nailoni haina unyumbufu hata kidogo, na tairi kuukuu haikugandishwa kwenye chuma. Anayeuza vitu hivyo akiwaita watu "mteja wangu" anapaswa kukumbuka kwamba mteja huyo hubeba watoto. Rahisi ni ghali, wahenga walinena, lakini hapa kinacholipwa si shilingi peke yake.

Mnaponunua vipuri kwa jumla, tazameni mpira kama umeshikana na chuma pande zote bila kuachia. Linganisheni namba ya kipuri na ile ya gari. Msijaze ghala kwa bushi za miaka mitatu ijayo, kwa sababu mpira huzeekea hata kwenye rafu. Na mkiulizwa na mteja kipi bora, mpira au poli, msimjibu kabla hamjamuuliza yeye: gari gani, mahali gani, na linabeba nini? Swali hilo moja lingeniokolea mimi karo ya muhula mzima.

Kwa mashirika ya viwango ya nchi zetu mbili, KEBS na UNBS, ombi langu ni kwamba bushi zipewe uzito sawa na ule wa tairi na breki. Tairi ina tarehe iliyochapwa ubavuni, na mnunuzi yeyote anaweza kujifunza kuisoma. Kwa nini paketi ya bushi isibebe tarehe, jina la kiwanda na maelezo mafupi ya kuikaza, na kwa nini maelezo hayo yasiwe kwa Kiswahili? Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Nami ninayekifundisha naona kingekuwa na faida ya haraka sana kama kingeandikwa kwenye kipuri kinachotumiwa na fundi wa Tororo na wa Busia kwa siku moja.

Na kwa wenzangu tuliorudi, niseme neno moja la ndani. Sisi tuliosomea ugenini tuna udhaifu wetu. Tumeshapoteza nyumba, ng'ombe na vyeti. Tumeviacha vitu njiani, na kwa hiyo tukipata fedha tunataka kununua kitu cha milele. Tukiambiwa, "Hii utazikwa nayo," mioyo yetu hulainika. Hali ni hiyo hiyo kwa Wakenya waliovukia huku mapema mwaka 2008, wakalala katika kambi ya Mulanda hapa Tororo, kisha wengine wakarudi kwao kuanza upya. Nimezungumza na baadhi yao, na wana njaa ile ile ya kitu kisichoharibika. Lakini gari halina kitu cha milele. Lina vitu vinavyokufa ili vingine viishi. Bushi ya mpira imewekwa pale ichakae, ili fremu isichakae. Kuibadilisha baada ya miaka michache si hasara. Ndiyo kazi yake.

Mzee wa Tororo aliliunga sikio la fremu kwa ustadi, akaliongezea bamba la chuma, akatia bushi za mpira nilizozipata kwa bei iliyo kati ya zile za kwanza na poli. Poli aliziacha kwenye stabilaiza tu. Alipofika kwenye bolti za amu alilishusha gari, akalikalia boneti mara mbili tatu kama mtoto, kisha akaingia shimoni kukaza. Huu ni mwaka wa tatu. Mwezi uliopita alizibinya tena kwa mtaimbo. Zina nyufa ndogo za juu juu, lakini hazijaachia chuma. Akaniambia nirudi baada ya mwaka.

Mama bado namchukua hospitali kila baada ya miezi miwili. Hatuzungumzi tena habari ya lori. Tukipita matuta ya Malaba yeye husinzia, nami hupunguza mwendo.

Kabla hujatoa fedha zako wiki hii, nenda kwa fundi wako ukamwulize lile swali moja: bolti utazikaza gari likiwa juu au chini? Akikujibu kwamba ni mamoja, tafuta fundi mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimeshajenga wa kwangu.

Mwandishi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Tororo. Alisomea Kenya akiwa mkimbizi.